Taa za Kukuzia Mimea: Mkulima Aijue Kazi ya Mwanga Kabla ya Kununua

Taa zinazouzwa kwa jina la "taa za mimea" zimekuwa rahisi kupatikana, madukani na kwenye mitandao ya kuuzia bidhaa. Nyingi hutoa mwanga wa zambarau, na maelezo yake huahidi miche minene na mavuno ya haraka. Kwa kijana aliyekodi chumba mjini Nakuru na anataka kuuza miche, au kwa kikundi cha akina mama wa Molo kinachofikiria kuzalisha mbegu za viazi, ahadi hizo zinavutia. Lakini taa isiyofaa huleta hasara mara mbili: siku inaponunuliwa, na kila mara tokeni za umeme zinaponunuliwa.

Somo hili linaeleza mambo manne: kazi mbili za mwanga katika maisha ya mmea; kwa nini ushauri mwingi unaotoka ng'ambo haufai Nakuru; jinsi ya kuchagua taa na kupiga hesabu ya umeme; na mahali ambapo taa haihitajiki kabisa.

Mwanga una kazi mbili

Kazi ya kwanza ni chakula. Jani hutumia mwanga kutengeneza sukari kutokana na maji na hewa ya kaboni. Kazi hii huitwa usanisinuru, nayo inahitaji mwanga mwingi kwa saa nyingi. Mmea ukikosa mwanga wa kutosha hurefuka kwa udhaifu, shina huwa jembamba, majani hupauka, na mwishowe huanguka.

Kazi ya pili ni ishara. Mimea mingi hupima urefu wa usiku ili kujua wakati wa kutoa maua, kutengeneza viazi au kuendelea kukuza majani tu. Mwaka 1920 watafiti wawili wa Idara ya Kilimo ya Marekani, W. W. Garner na H. A. Allard, walichapisha matokeo ya majaribio yao, yakiwemo ya aina ya tumbaku iliyoitwa Maryland Mammoth. Tumbaku hiyo ilikuwa ikirefuka msimu wote wa joto bila kutoa maua. Walipoifungia gizani sehemu ya kila siku, ili mchana wake uwe mfupi, ikachanua. Watafiti waliofuata waligundua kwamba kinachopimwa hasa na mmea ni usiku. Mwanga wa muda mfupi katikati ya usiku mrefu unatosha kuufanya mmea uone kana kwamba usiku ulikuwa mfupi.

Tofauti ya kazi hizi mbili ni kubwa sana kwa mfuko wa mkulima. Mwanga wa ishara ni hafifu na gharama yake ni ndogo. Mwanga wa chakula ni mkali na gharama yake ni kubwa. Makosa mengi hutokea mkulima anaponunua taa ya kazi moja akitarajia ifanye nyingine.

Nakuru na saa kumi na mbili za mchana

Mji wa Nakuru uko kusini kidogo tu ya mstari wa ikweta. Kwa sababu hiyo mchana wetu huchukua takriban saa 12 mwaka mzima, na tofauti kati ya Juni na Desemba ni ya dakika chache. Huko Uholanzi, kunakotoka mbegu na teknolojia nyingi za maua, mchana wa Juni hupita saa 16, na ule wa Desemba hauzidi saa nane. Tena jua la Desemba huko huwa chini angani na mwanga wake ni dhaifu. Mkulima wa Uholanzi huwasha taa kali wakati huo kwa sababu mimea yake ina njaa ya mwanga.

Mkulima wa Rongai au Subukia hana shida hiyo. Jua la saa sita mchana katika eneo letu, siku isiyo na mawingu, ni kali kuliko kiasi ambacho majani ya nyanya, viazi au sukumawiki yanaweza kutumia kikamilifu. Hata siku za mawingu, mwanga wa nje huzidi kwa mbali ule wa ndani ya nyumba yenye taa. Kwa hiyo ushauri ulioandikwa kwa ajili ya nchi zenye majira ya baridi haupaswi kuhamishiwa hapa jinsi ulivyo.

Jambo ambalo jua letu haliwezi kutupa ni mchana mrefu. Mmea unaosubiri mchana wa saa 14 au 16 ili ufanye jambo fulani hautaupata Nakuru mwezi wowote. Hapo ndipo taa ya ishara inapoingia.

Taa ya ishara: mfano wa maua ya Naivasha

Anayepita usiku karibu na baadhi ya mashamba ya maua ya Naivasha huona safu za balbu zikiwaka ndani ya vivungulio. Mtu anaweza kudhani taa hizo zinalisha maua. Kazi yake hasa ni kuyapa ishara.

Waridi, ambalo ndilo zao kuu la maua huko, halijali urefu wa usiku. Huchanua mchana ukiwa mrefu au mfupi, na hivyo halihitaji taa ya ishara. Krisanthimu ni tofauti. Mmea huu hutoa maua usiku unapokuwa mrefu, na usiku wetu wa saa 12 unatosha kuuchochea. Mche mdogo wa krisanthimu ukiachwa bila taa Naivasha utatoa maua ukingali mfupi, na shina lake halitafaa sokoni. Kwa hiyo mkulima huwasha taa katikati ya usiku kwa majuma ya kwanza ili mmea urefuke. Shina likifikia urefu unaotakiwa, taa huzimwa na usiku wa kawaida hufanya kazi yake. Maua huwa tayari majuma saba hadi kumi baadaye, kutegemea aina.

Mimea mama ya krisanthimu, inayokatwa vipandikizi vya kuuzwa au kupandwa, huwekewa taa kila usiku bila kukoma. Umeme ukikatika usiku kadhaa mfululizo, vichipukizi huanza kutengeneza maua na vipandikizi hupoteza thamani. Mkulima wa zao hili anapaswa kupanga njia mbadala ya umeme tangu mwanzo.

Yapo maua ya aina nyingine yanayofuata kanuni iliyo kinyume. Jipsofila na haiperikamu huhitaji mchana mrefu ili yachanue. Bila taa, hapa kwetu hukawia au hutoa maua haba. Kwa hiyo kuwasha taa usiku huzuia maua ya krisanthimu na huleta maua ya jipsofila. Mkulima lazima alijue zao lake kabla ya kugusa swichi.

Kwa kawaida taa ya ishara huwashwa kwa saa kama nne katikati ya usiku, kwa mfano kuanzia saa nne usiku hadi saa nane. Wengine huwasha kwa dakika chache, kuzima, kisha kuwasha tena katika muda huohuo ili kupunguza matumizi. Kiasi cha luksi 100 kwenye majani, ambacho ni kama mwanga wa sebule yenye taa moja, hutosha kwa krisanthimu. Rangi inayohisiwa zaidi na mmea kwa kazi hii ni nyekundu, na balbu nyeupe ya LED yenye mwanga wa vuguvugu ina nyekundu ya kutosha. Kwa maua yanayotaka mchana mrefu, kama jipsofila, matokeo huwa bora ikiongezwa ile nyekundu ya mbali ambayo jicho la mtu haliioni vizuri. Anayenunua taa kwa maua hayo amwulize muuzaji kama imo.

Onyo moja kwa wakazi wote: taa za ulinzi na za barabarani pia ni ishara. Soya iliyopandwa karibu na mlingoti wa taa inaweza kuendelea kukuza majani wakati wenzake wameshaweka maganda. Kabla ya kulaumu mbegu au mbolea, mkulima aangalie kama sehemu iliyochelewa ndiyo inayomulikwa usiku.

Viazi: mama na mwanawe

Kilimo cha viazi ndicho uti wa mgongo wa familia nyingi za Molo, Kuresoi, Elburgon na Mau Narok, na mbegu safi ni kilio cha kila msimu. Shirika la Maendeleo ya Kilimo, ADC, lina kituo cha mbegu za viazi Molo ambako uzalishaji huanzia kwenye mimea midogo iliyokuzwa maabara. Siku hizi vikundi vya wakulima pia hununua vipandikizi vya viazi vilivyootesha mizizi, badala ya kununua magunia ya mbegu.

Mwanga unahusika katika kila hatua ya safari hii, na kila hatua ina hitaji lake.

Ndani ya maabara, mimea hukaa kwenye chupa zenye sukari na virutubisho. Kwa kuwa inapata sukari hiyo, mwanga wa kadiri unaitosha, kwa kawaida kwa saa 16 kila siku.

Katika banda la mimea mama, lengo ni kupata vichipukizi vichanga vingi. Kiazi huelekea kuunda viazi ardhini usiku unapokuwa mrefu. Taa ya ishara inayofupisha usiku husaidia mmea mama kubaki mchanga na kuendelea kuchipua. Chakula cha mmea huo bado kinatoka kwenye jua linalopenya paa la banda.

Kipandikizi kikishafika shambani, taa haihitajiki tena. Usiku wetu wa saa 12 ndio unaokihimiza kuweka viazi.

Taa ya chakula: ni lini inahitajika?

Taa ya chakula inahitajika pale tu ambapo mmea umewekwa mahali jua lisipofika: maabara, chumba cha ndani, stoo isiyo na madirisha, au rafu za ghorofa zilizopangwa juu ya nyingine. Nje ya hapo, mkulima atafute jua kwanza.

Mwanga wa chakula hupimwa kwa maikromoli zinazoangukia mita moja ya mraba kila sekunde. Kwa lugha nyepesi, ni hesabu ya chembe za mwanga zinazolifikia jani. Viwango vifuatavyo ni vya kukadiria:

- Jua la saa sita mchana, nje, bila mawingu: kama maikromoli 2,000.
- Nyanya inayozaa: 350 au zaidi, kwa saa 16.
- Letasi na mboga nyingine za majani: 150 hadi 250.
- Miche ya nyanya, kabichi na pilipili hoho: 100 hadi 200.
- Mimea ya chupa katika maabara: kama 50.
- Sebule yenye taa usiku: 2 hadi 4.

Orodha hii inaeleza kwa nini mche uliowekwa kwenye meza ya ofisi, mbali na dirisha, hudhoofika ingawa taa zinawaka kutwa. Jicho la mtu hujirekebisha na kuona chumba king'avu. Jani haliwezi kujirekebisha hivyo, na njaa yake inabaki palepale.

Asiye na kipimo maalumu anaweza kutumia programu ya simu inayopima luksi. Kwa taa nyeupe za LED, luksi 70 ni kama maikromoli moja. Hivyo maikromoli 150 ni sawa na luksi 10,500 hivi. Simu ilazwe mahali majani yatakapokuwa, kioo kikitazama juu, na vipimo vichukuliwe katikati na pembeni mwa rafu. Kipimo cha simu ni cha kukisia, tena hakifai kabisa kwa taa za zambarau, kwa kuwa luksi hupima mwanga kama jicho la mtu linavyouona.

Kusoma pakiti ya taa

Mambo matano yakaguliwe kabla ya fedha kutolewa.

*Wati halisi.* Wati ni umeme unaoliwa na taa. Pakiti nyingi huandika "sawa na wati 1,000" kwa herufi kubwa, na wati halisi kwa herufi ndogo pembeni. Namba ndogo ndiyo ya kuaminiwa, maana ndiyo itakayosomwa na mita.

*Mwanga kwa kila wati.* Taa nzuri ya LED ya mimea hutoa maikromoli 2.5 au zaidi kwa kila wati. Balbu nyeupe za LED za nyumbani hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati, ambazo ni kama maikromoli 1.4. Balbu za zamani za waya hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto, na hazifai tena kwa kazi ya chakula. Muuzaji asiyeweza kuonyesha namba yoyote isipokuwa wati hajatoa maelezo ya kutosha.

*Rangi.* Klorofili hupenda zaidi buluu na nyekundu, na ndiyo sababu ya taa za zambarau. Lakini jani hutumia pia sehemu kubwa ya kijani na manjano. Mwanga mweupe unafaa kwa miche na una faida nyingine muhimu: mkulima huona rangi halisi ya jani. Chini ya mwanga wa zambarau, madoa ya ugonjwa na wadudu hujificha hadi wameenea. Kwa miche, taa nyeupe yenye alama ya kelvini 4,000 hadi 6,500 inatosha.

*Umbali.* Mwanga wa balbu moja hupungua haraka. Umbali ukiongezwa mara mbili, mwanga hubaki kama robo. Taa ndefu za mrija, zikipangwa sambamba juu ya rafu, hugawa mwanga sawasawa kuliko balbu moja kali katikati. Kwa miche, mirija ya LED huning'inizwa sentimita 20 hadi 30 juu ya majani na kupandishwa kadiri miche inavyokua.

*Ubora na usalama.* Taa iwe na alama ya ubora inayotambuliwa na Shirika la Viwango la Kenya, KEBS. Mahali penye unyevu itumike taa yenye alama ya IP65, iliyofungwa ili vumbi na maji yasiingie.

Hesabu ya umeme

Hesabu ni rahisi. Wati zizidishwe kwa saa za kuwaka, kisha jibu ligawanywe kwa 1,000. Hizo ni uniti za siku moja. Uniti zizidishwe kwa siku 30, kisha kwa bei ya uniti. Katika mifano hii imechukuliwa bei ya shilingi 25 kwa uniti ili hesabu iwe nyepesi. Mkulima atumie bei halisi, kwa kugawanya fedha alizolipa kwa uniti alizopata kwenye tokeni.

*Mfano wa kwanza: ishara.* Balbu moja ya wati 9 hutoa kama lumeni 800. Hata nusu ya mwanga ikipotea pembeni, inatosha kumulika mita nne za mraba kwa luksi 100. Ikiwaka saa nne kila usiku hula uniti 0.036. Kwa mwezi ni uniti 1.08, yaani shilingi 27. Kwa kila mita ya mraba ni kama shilingi saba.

*Mfano wa pili: miche chumbani.* Rafu ya mita moja ya mraba inahitaji maikromoli 150. Kwa taa ya maikromoli 2.5 kwa wati, hizo ni wati 60. Ikiongezwa sehemu inayopotea pembeni, ni wati 75. Kwa saa 16 ni uniti 1.2 kwa siku, uniti 36 kwa mwezi, shilingi 900. Rafu hiyo hubeba kama trei sita za mashimo 200, yaani miche 1,200. Miche yote ikitoka vizuri kwa mwezi mmoja, kila mche umekula senti 75 za umeme. Biashara hiyo inawezekana, iwapo hakuna mahali penye jua pa kuiweka.

*Mfano wa tatu: nyanya chumbani.* Nyanya inayozaa inahitaji maikromoli 350. Kwa hesabu ileile ni wati 175, uniti 2.8 kwa siku, uniti 84 kwa mwezi, shilingi 2,100 kwa mita moja ya mraba. Miezi minne ni shilingi 8,400. Hata mita hiyo ikitoa kilo 20, kila kilo itakuwa imekula shilingi 420 kabla ya mbegu, mbolea na jasho. Hiyo ni hasara, na hakuna rangi ya taa itakayoibadilisha kuwa faida.

Mifano hii inaonyesha kwamba katika mita moja ya mraba, kulisha miche kwa taa hugharimu zaidi ya mara mia kuliko kuipa ishara. Inaonyesha pia kwamba balbu ileile ya wati 9 inayotosha kwa krisanthimu haiwezi kulisha miche. Mwanga wake wote ukiangukia mita moja ni maikromoli 11 tu.

Wengine huuliza kuhusu umeme wa jua. Kwa taa ya ishara, paneli ndogo na betri hufaa sana. Kwa taa ya chakula, uniti 1.2 kila siku zinahitaji paneli ya wati 300 hivi pamoja na betri, na paneli hiyo ni kubwa kuliko rafu yenyewe. Mwenye nafasi ya kuanika paneli juani ana nafasi ya kuanika miche yake.

Umeme wa mvuke umezalishwa Olkaria, ndani ya kaunti hii, tangu 1981. Kuwa jirani ya mitambo hakupunguzi bei ya tokeni, na hesabu iliyo juu inamhusu mkulima wa Naivasha sawasawa na wa Kuresoi.

Kabla ya kununua taa, fanya haya

Karatasi ya nailoni ya kivungulio ikishikwa na vumbi na ukungu hunyima mimea sehemu kubwa ya mwanga. Ioshwe kwa maji na kitambaa laini, hasa baada ya kiangazi. Karatasi iliyozeeka na kuwa ya manjano ibadilishwe.

Miti na kuta zinazotia kivuli zikaguliwe asubuhi na jioni. Trei za miche zihamishiwe upande unaopata jua la asubuhi. Kuta za chumba cha miche zipakwe chokaa nyeupe ili mwanga urudi kwenye majani.

Miche ikirefuka kwa udhaifu ndani ya kivungulio chenye mwanga mzuri, huenda imesongamana au imepewa mbolea ya naitrojeni kupita kiasi. Taa haitatibu hilo.

Kwa mkulima wa viazi, lipo somo la mwanga lisilohitaji umeme kabisa: ghala la mwanga hafifu. Viazi vya mbegu vikiwekwa gizani huchipua machipukizi marefu, meupe na dhaifu yanayovunjika wakati wa kupanda. Vikitandazwa kwenye rafu za mbao zenye nafasi, tabaka mbili au tatu tu, mahali penye hewa na mwanga usio wa jua la moja kwa moja, hutoa machipukizi mafupi, manene, ya kijani au zambarau. Kuta ziwe za wavu mdogo ili kuzuia vidukari wanaosambaza virusi. Viazi vya kuliwa visiwekwe humo. Hivyo vinahitaji giza, kwa kuwa mwanga huvifanya viwe vya kijani na kukusanya solanini, sumu chungu inayoweza kumgonjesha mlaji.

Usalama na uangalizi

Maji na umeme havipatani. Nyaya zipite juu, mbali na mahali pa kunyunyizia, na saketi iwe na swichi inayokata umeme wenyewe hitilafu ikitokea. Kazi ya nyaya ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA. Taa zizimwe kabla ya kunyunyiza dawa au maji.

Taima itumike kuwasha na kuzima, kwa sababu binadamu husahau. Kwa taa ya ishara, taima ikaguliwe kila baada ya umeme kukatika, maana nyingine hupoteza saa. Miche isimulikwe saa 24. Nyanya, kwa mfano, huharibika majani ikikosa giza kabisa. Saa 16 za mwanga na nane za giza zinafaa.

Maswali ya kujipima

1. Mkulima wa Bahati ana waridi ndani ya kivungulio na ameshauriwa kuweka taa usiku ili zichanue. Afanye nini?

2. Mkulima wa Gilgil amepanda krisanthimu na zimechanua zikiwa fupi. Sababu ni nini?

3. Taa imeandikwa "sawa na wati 600", na wati halisi 50. Ikiwaka saa 16, itakula uniti ngapi kwa mwezi?

4. Kikundi kina banda lenye jua la kutosha na kinataka kukuza miche ya kabichi. Kinunue taa gani?

*Majibu.* (1) Asinunue taa hizo, kwa kuwa waridi halisubiri ishara ya usiku. Akague maji, mbolea, ukataji na magonjwa. (2) Usiku wa saa 12 ulizipa ishara ya kuchanua mapema. Zilihitaji taa katikati ya usiku katika majuma ya kwanza. (3) Wati 50 kwa saa 16 ni uniti 0.8 kwa siku, yaani uniti 24 kwa mwezi. (4) Kisinunue taa yoyote. Fedha hizo zinunue trei, udongo safi wa kuoteshea na mbegu bora.

Mkulima anayekusudia kuweka taa anashauriwa kuanza na rafu moja au tuta moja, kuandika uniti zinazoliwa na miche inayotoka, na kulinganisha na ile iliyokuzwa juani kwa mwezi mzima kabla ya kupanua. Daftari hilo alionyeshe afisa wa kilimo wa wadi yake, ambaye ataweza kumshauri kwa namba zake mwenyewe. Wanaotaka kuzalisha na kuuza mbegu au vipandikizi vya viazi wanapaswa kuwasiliana kwanza na KEPHIS kuhusu usajili na ukaguzi, kabla ya kununua hata balbu ya kwanza.